Wauguzaji wa Nassa

Tabibu hutibu, jamaa huuguza. Na tofauti hiyo, ambayo lugha yetu imeihifadhi kwa uangalifu ninaoustahi, ndiyo tarikhi yote ya maradhi marefu katika Nassa, nchi ya Wasukuma iliyo kando ya Ghuba ya Speke, leo katika wilaya ya Busega.

Wamisionari wa Church Missionary Society walifika huko mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1909 wakaikabidhi misheni yao kwa Africa Inland Mission. Lakini mwenye donda ndugu, kama wazee walivyoliita donda lisilopona kabla jina la saratani halijaenea, hata alipopewa dawa ya chupa misheni, alirudi kulala kwake, ambako mfumu, mganga wa jadi wa Kisukuma, alitafuta chanzo cha maradhi, na mama, dada au mke akamgeuza ubavu, akamkanda, akamnywesha uji wa mtama.

Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, na hospitali ya Bugando ilipofunguliwa huko juu ya kilima chake mwaka 1971, uguzaji haukwisha, bali ulifanywa msafiri. Kwa miaka mingi aliyehitaji mionzi hakuwa na pa kwenda ila Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyojengwa na Wajerumani na kufunguliwa mwaka 1897, ambayo sheria ya mwaka 1996 iliifanya taasisi ya saratani. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, siku hata siku, kwa wiki kadhaa. Basi hata pale tiba ilipokuwa bure, ilibidi ng'ombe auzwe kwa ajili ya nauli na masurufu ya watu wawili, na muuguzaji, ambaye pengine hakupata kuiona bahari, afunge sufuria na kanga zake, akaombe hifadhi kwa mtu wa kwao aliyehamia mjini, na kila asubuhi amshike mgonjwa mkono hadi mlangoni pa chumba asichoruhusiwa kuingia. (Daftari za hospitali huandika jina la mgonjwa na la daktari, la muuguzaji, aghalabu, huandikwa ili apigiwe simu tu.)

Siku hizi Bugando nayo ina mashine za mionzi, na basi la barabara ya Musoma halimalizi siku. Hata muuguzaji huweza kupokezana zamu na nduguye, akarudi Nassa kupalilia pamba.