Hamburg: Mji Uliofunzwa na Majira

Ndugu msikilizaji, mwaka 1867 Bibi Salme, binti wa marehemu Sultani Seyyid Said wa Unguja, alifika Hamburg akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Kutoka kisiwa cha karafuu aliingia mji ambao wastani wa joto la Januari ni nyuzi moja au mbili tu, na ambao mchana wa Desemba hudumu kwa muda wa saa saba na nusu. Mwezi Juni mambo hugeuka, jua likakaa angani karibu saa 17. Masika hawana wala vuli hawana: mvua hunyesha mwezi hadi mwezi, ingawa jumla yake kwa mwaka ni ndogo kuliko ya Dar es Salaam.

Hayo ni ya vitabu vya jiografia. Historia ya mji huo inatuambia jambo jingine: kila majira yamewahi kuleta msiba, na kila msiba ulimkuta mwanadamu hajajiandaa.

Tuanze na majira ya machipuko, miti inapotoa majani mapya. Mwaka 1842 yalikuwa makavu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei moto ulizuka katika mtaa wa Deichstrasse, maji ya mifereji yakiwa yamepungua, upepo ukautembeza hadi tarehe 8. Watu 51 walikufa na wapatao 20,000 wakakosa makao. Baada ya hapo injinia wa Kiingereza, William Lindley, aliujengea mji mabomba ya maji na mifereji ya chini ya ardhi ya kutolea uchafu.

Lakini maji hayo yalitekwa mto Elbe na kupelekwa majumbani bila kuchujwa. Wakuu wa mji walibishana miaka na miaka juu ya gharama za machujio. Ndipo likaja joto la Agosti 1892, na mto ukapungua. Kipindupindu kilipoingia, wakuu walichelewa kutangaza, wakihofia biashara ya bandari. Watu wapatao 8,600 walikufa. Altona, mji jirani uliopakana nao nyumba kwa nyumba, ulitumia maji ya mto huo huo, tena ya upande wa chini yaliyokwisha kupokea uchafu wa Hamburg. Ila wao waliyachuja kwa mchanga, na vifo vyao vikawa vichache mno kwa kulinganisha. Joto lilikuwa moja, mto mmoja, tofauti ikawa mchanga.

Majani yakishapukutika huja ukungu, kisha dhoruba za baridi. Hamburg iko kiasi cha kilomita 100 kutoka baharini, lakini maji hujaa na kupwa hadi bandarini kwake. Upepo mkali wa kaskazini-magharibi husukuma bahari ndani ya mdomo mpana wa Elbe, na mto unavyozidi kuwa mwembamba ndivyo maji yanavyozidi kupanda. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 1962 tahadhari zilitangazwa redioni, lakini wengi walidhani zinawahusu watu wa pwani. Matuta ya kuzuia maji yakabomoka sehemu zipatazo 60. Watu 315 walikufa mjini, wengi wao Wilhelmsburg, ambako watu waliopoteza nyumba kwa mabomu ya vita walikuwa bado wakiishi katika vibanda. Maskini ndiye aliyelala karibu zaidi na tuta bovu.

Safari hii somo liliingia. Matuta yaliinuliwa na kuimarishwa. Tarehe 3 Januari 1976 maji yalipanda hadi mita 6.45, yakipita yale ya 1962 yaliyofika mita 5.70. Bandari ilipata hasara kubwa, lakini mjini hakufa mtu.

Tazama basi, msikilizaji. Dhoruba ya pili ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza, na msiba wake ukawa mdogo. Mbingu za Hamburg hazikuwa zimebadilika tabia. Waliobadilika ni watu. Tumezoea kusema mvua imeua, joto limeua, kana kwamba hakuna aliyeahirisha bajeti ya machujio wala aliyeliacha tuta likamomonyoka. Wahenga walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hamburg iliujenga ukuta huo, lakini baada ya kuzika.