Mtathmini wa Fidia za Jinai

Mtathmini wa fidia za jinai ni karani wa serikali apokeaye na kukata madai ya watu waliojeruhiwa kwa uhalifu, au ya jamaa wa waliouawa. Katika Uingereza, pamoja na Wales na Uskoti, kazi hii iko mikononi mwa mamlaka maalumu yenye makao yake Glasgow. Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake. Tofauti na dia ya fikihi ya Kiislamu, ambayo hulipwa na muuaji au jamaa zake, fidia hii hutoka katika hazina ya dola, hata mdhulumu awe hakupata kukamatwa.

Bibi Margery Fry, mpigania mageuzi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1958, aliipigania kwa muda mrefu rai hii ya dola kuwafidia waliodhulumiwa, asijaliwe kuiona ikitimia: New Zealand ilitunga sheria mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Hapo awali kila dai lilikadiriwa kwa mizani ya mahakama za madai. Tangu mwaka 1996 limewekwa jedwali ambalo kila jeraha lina thamani yake.

Kwa kawaida mtathmini hamwoni mdai. Mbele yake pana taarifa ya polisi, shahada ya tabibu na hati za mshahara uliopotea, na kwa hizo hana budi kuamua kama jinai ilitendeka, si kwa yakini itakiwayo katika kesi ya jinai, bali kwa kutazama upande upi una uzito zaidi. Akiridhika, hulifungua jedwali. Tuseme mtu amevunjwa taya, akang'olewa jino, akaachiwa kovu usoni: jeraha lenye thamani kubwa hulipwa kamili, la pili asilimia 30, la tatu asilimia 15, na mengine, yawe mangapi, hayaongezi kitu. Chini ya kanuni za mwaka 2012, malipo ya jeraha huanzia pauni 1,000, na jumla yote haivuki pauni 500,000.

Kabla ya hayo yote hutazamwa masharti: dai liletwe ndani ya miaka miwili, ila kwa watoto na wenye udhuru, polisi wawe wamearifiwa mapema, na mdai aliyepata kufungwa, ikiwa hukumu yake haijafutika kisheria, hufungiwa mlango, jambo ambalo kwa insafu ni kali mno. Asiyeridhika huomba uamuzi uangaliwe upya, kisha hukata rufaa kwa baraza huru.

Kanuni iliyolaumiwa kuliko zote iliwanyima fidia waliodhulumiwa kabla ya tarehe 1 Oktoba 1979 na mtu wa aila yao waliyekaa naye nyumba moja, ambao wengi walikuwa watoto wakati huo. Ilifutwa Juni 2019, na waliokwisha kukataliwa kwa sababu hiyo wakapewa miaka miwili ya kudai tena.