Elektroensefalografia

Elektroensefalografia (kifupi: EEG) ni kipimo kinachorekodi mawimbi ya umeme wa ubongo kupitia elektrodi zinazobandikwa kwenye ngozi ya kichwa. Hakiumi, wala hakipitishi umeme mwilini. Wa kwanza kurekodi mawimbi hayo kwa binadamu alikuwa daktari Mjerumani Hans Berger, mjini Jena, mwaka 1924.

Kwa mtu mzima anayeshukiwa kuwa na kifafa, daktari hutafuta mawimbi yenye ncha kali yanayojitokeza ghafla, hata wakati mgonjwa hajaanguka. Kipimo cha kawaida huchukua dakika 20 hadi 30. Mgonjwa huvuta pumzi kwa nguvu na kumulikwa taa ya kumetameta, mambo yanayoweza kuyachochea. Yasipoonekana, kipimo huweza kurudiwa baada ya kukesha, maana usingizi hufichua mengi.

Hata hivyo mchoro wa kawaida hauthibitishi kwamba kifafa hakipo. Wagonjwa wengi hupata mchoro wa namna hiyo mara ya kwanza. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: mtu anayezimia kwa sababu ya moyo, mchoro wake ukisomwa vibaya, aweza kumeza dawa za kifafa miaka mingi huku moyo ukibaki bila tiba. Kwa hiyo daktari huanza na maelezo ya aliyemwona mgonjwa akianguka, au video ya simu, ndipo asome mchoro.