Wati si Mwanga: Historia Fupi ya Taa ya Tangi la Samaki

Leo naweka kando mambo ya programu, niwasimulie kuhusu tangi la samaki. Lakini mtaona kwamba mwishowe ni yale yale.

Mwaka jana nilinunua tangi la lita 60, nikapanda Vallisneria na Anubias, nikatia samaki wadogo na konokono sita. Mtungi wa hewaukaa sikununua kwa sababu ni ghali. Ilibaki taa. Nikakuta kanuni moja ya zamani inayorudiwa kila mahali: wati 2 kwa kila galoni. Tangi langu ni kama galoni 16 za Marekani, kwa hiyo nilihitaji wati 32. Nikanunua taa ya LED ya wati 30, ile ya kumulika uani, nikaitundika juu ya maji.

Wiki tatu baadaye mwani ulikuwa umefunika kila jani kama nywele. Nikauziwa dawa ya kuua mwani. Sikusoma chupa vizuri: ilikuwa na shaba, na shaba huua konokono. Wote sita walikufa. Mdogo wangu, ambaye alikuwa amewapa majina, hakunisemesha siku mbili.

Sasa, programu ikiharibika mimi hutazama historia ya msimbo: mstari huu uliandikwa lini, na kwa ajili ya mashine gani? Nikaifanyia kanuni ile vivyo hivyo.

Hadithi inaanzia London. Mwaka 1829 daktari Nathaniel Ward aliona mmea wa kangaga umechipua ndani ya chupa iliyofungwa, akatambua kwamba mimea inaweza kuishi ndani ya kioo. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington akaeleza jaribio lake la samaki na Vallisneria, mmea ule ule nilioupanda mimi. Majani yake yalipooza, utelezi wa kijani ukaharibu maji. Alitatua vipi? Alitia konokono wale uozo! Mimi miaka zaidi ya 170 baadaye niliwaua wangu.

Mwaka 1854 Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake The Aquarium, na matangi yakawa mtindo mkubwa Uingereza. Taa ilikuwa jua la dirishani, bure kabisa. Lakini mwanga wa kupitia ubavuni uliotesha mwani kwenye vioo, ndipo Warington akabuni tangi lenye mgongo wa mteremko ili mwanga uingie kwa juu tu, kama kwenye bwawa.

Kisha ukaja umeme. Balbu ya Edison ya 1879 na zilizoifuata ziligeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Mwaka 1938 General Electric ya Marekani ilianza kuuza taa za tyubu, ambazo hazichomi sana na hutoa mwanga mwingi zaidi kwa umeme ule ule. Wafugaji wa samaki wakazipenda. Na kwa kuwa karibu kila mtu alitumia tyubu zinazofanana, kuhesabu wati kulitosha kulinganisha mwanga. Kanuni yangu ni ya enzi hiyo. Haikuwa uongo, ilipimwa kwa tyubu.

Miaka ya 1990 Mjapani Takashi Amano aliwavutia watu kwa picha za bustani zake za majini. Wengi waliona taa zake kali, wakasahau kwamba alikuwa anaongeza hewaukaa pia. Mwaka 1999 Mmarekani Diana Walstad akatoa Ecology of the Planted Aquarium na kuonyesha njia ya mnyonge: udongo chini ya changarawe, mimea mingi, mwanga wa wastani, bila mtungi.

Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali, na kutokana na buluu hiyo zikapatikana LED nyeupe. Alipata Tuzo ya Nobel 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano (si yule Amano wa mimea!). Leo LED ya wati 9 hutoa mwanga kama balbu ya zamani ya wati 60. Pigeni hesabu: wati zangu 30 zilikuwa kama wati 200 za zamani, juu ya maji ya lita 60.

Mmea hukua kwa kasi ya kile kilicho haba. Bila hewaukaa ya ziada, kuongeza taa ni kama kuweka prosesa ya kasi kwenye tarakilishi yenye kumbukumbu kidogo. Mwanga uliobaki aliukula mwani.

Basi, taa ile nimeihamishia uani. Kwenye tangi nimeweka taa ya mezani yenye balbu ya LED ya wati 9, nyeupe ya 6500K, ya duka la kawaida, mbali na maji, na taima ya saa saba kwa siku. Hiyo ni kama yuniti 2 za stima kwa mwezi. Ile ya kwanza ingekula zaidi ya 6. Ukinunua, soma lumeni kwenye boksi, si wati. Balbu yangu ni lumeni 800, yaani kama 13 kwa lita, na Anubias imetoa majani mapya.

Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kuachana na taa za tyubu ifikapo 2027. Tyubu zinaondoka, lakini kanuni yake bado inazunguka. Kwa hiyo hata hiyo 13 yangu, mkiinakili, andikeni na aina ya taa na mwaka.

Nimenunua konokono wapya wanne. Mdogo wangu anasema atawapa majina wakimaliza miezi mitatu.