Maharage-mwitu katika uzalishaji wa mbegu

Maharage-mwitu ni jamaa wa porini wa maharage ya kulimwa, hazina ya jeni kwa watafiti wa mbegu. Katika udongo wa volkano wa Rubavu, Rwanda, hustawi maharage ya kutambaa yanayosimikiwa miti. Lakini asili ya jamaa zao ni Amerika, hivyo kazi ya watafiti huanzia benki ya mbegu, kama ile ya Palmira, Kolombia. Baadhi ya maharage-mwitu ya Mexico yana aselini, protini inayozuia fukusi wanaotoboa punje ghalani. Jenomu ya maharage, iliyochapishwa mwaka 2014, imerahisisha kutafuta jeni ya protini ya namna hiyo kwenye jani la mche, bila kungoja mavuno. Kuchanganya spishi ni kugumu zaidi: machotara ya maharage ya kawaida na tepari, spishi nyingine ya maharage, mara nyingi hufa yakiwa viinitete, yasipookolewa maabara.