Babu Yako Alizaliwa Wapi?

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye ofisi moja hapa mjini Sumbawanga kuomba kitambulisho. Tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Zamu yetu ilipofika, kijana aliyekuwa mezani alinipa shikamoo, nikaitikia, naye akaanza kujaza karatasi: jina la baba, jina la mama, kata. Kata ni Chanji. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa binti hakujua la kujibu: "Mzee, na babu yako wewe alizaliwa wapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba alizaliwa Ulungu, ng'ambo ya mto Kalambo.

Kijana akaweka kalamu chini. "Ng'ambo, yaani Zambia?"

Nikamjibu kwamba babu alipozaliwa hapakuwa na Zambia wala Tanganyika. Hakucheka. Alituambia turudi siku nyingine na barua ya mtendaji pamoja na mashahidi wawili.

Simlaumu kijana yule. Fomu ndiyo iliyouliza, na nafasi ya jibu ilikuwa mstari mmoja tu. Jibu langu lilihitaji zaidi ya mstari mmoja, ndiyo maana ninaliandika hapa.

Tuanze na ardhi yenyewe, maana watu huja na kupita juu yake. Nchi yetu ni kubwa, zaidi ya kilometa za mraba 940,000. Ndani yake umo mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895, na limo pia Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita zipatazo 1,470. Uso wa ziwa hilo uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sakafu yake imezama karibu mita 700 chini ya bahari. Ufipa umekaa kwenye ukingo wa shimo hilo. Magharibi yetu nchi inateremka hadi Tanganyika. Mashariki inateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Katikati tumebaki sisi, kwenye uwanda wa juu wa kama mita 1,800, na milima ya Mbizi inapanda hadi kupita mita 2,400. Mabonde hayo mawili ni ya Bonde la Ufa, na ardhi yake haijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 lilitokea katika ukanda huu tetemeko ambalo limehesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa katika Afrika kwa karne nzima ya 20.

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi, na somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa la mgongo wa maji. Mvua ikinyesha juu ya uwanda wetu, matone mawili yaliyoanguka hatua chache kutoka moja hadi jingine yanaweza kuagana palepale. La kwanza litashuka Tanganyika, litatoka kwa mto Lukuga, litaingia mto Kongo na kuishia Bahari ya Atlantiki. La pili litashuka Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea, na jua litalinyonya hukohuko. Hakuna hata moja litakalofika Bahari ya Hindi, ambako liko jiji la Dar es Salaam. Basi mtu wa Dar es Salaam akisema Sumbawanga iko pembezoni, anasema kweli kwa kuangalia alipo yeye. Lakini pembe ya nchi ndipo nchi mbili zinapokutana, na panapokutana nchi mbili hapakosi njia.

Njia hizo ni za kale mno. Kwenye maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, mtaalamu Desmond Clark alianza kuchimbua mabaki ya watu wa zamani mwaka 1953. Mwaka 2023 wataalamu wengine walitangaza kwamba huko, upande wa Zambia, wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa moja juu ya jingine, yenye umri usiopungua miaka 476,000. Hao waliochonga walizaliwa wapi babu zao? Fomu haina mstari wa kutosha.

Tuje kwa walio karibu nasi zaidi. Uwanda wa Ufipa kwa sehemu kubwa ni nchi ya majani, miti yake ni michache. Jirani zetu Wabemba, kusini, walikuwa na msitu; waliweza kukata matawi, kuyachoma na kupanda ulezi kwenye majivu. Mfipa hakuwa na matawi ya kutosha. Alikuwa na majani, basi akayafukia. Wakati wa masika huyalaza majani na kuyafunika kwa udongo yawe vilima vya mviringo, viitwavyo intumba. Humo majani huoza na kuwa mbolea. Msimu unaofuata vilima husambazwa na shamba hupandwa. Wamatengo wa Mbinga, kwenye miteremko mikali, nao walibuni ngoro, vishimo vinavyozuia udongo usiondoke na maji. Watu mbalimbali katika nchi moja, kila mmoja amesoma ardhi yake na kuijibu.

Lakini intumba hazijengwi kwa mikono mitupu. Zinataka jembe, na jembe lilitoka kwenye tanuru. Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo, marefu kumpita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini bila mivukuto. Chuma kilichopatikana kilisafishwa kwenye tanuru dogo, ndipo mhunzi akakifua. Kazi hiyo ilififia majembe ya viwandani yalipoenea wakati wa ukoloni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulichukua neno hilo kama mzaha wa kumfukuza mgeni mvivu. Mimi, kwa kuwa nimezaliwa nchi ya wahunzi, nalisikia kwa namna nyingine: akipewa jembe, si mgeni tena.

Na hapa ndipo inapoingia hadithi ya Milansi, ambayo kila mtoto wa Ufipa wa umri wangu aliisikia. Milansi ndicho kitovu cha zamani cha utawala wetu, na watawala wake walihusishwa na uhunzi. Inasimuliwa kwamba siku moja mtawala alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe onyo kwamba wakija wageni asiwape kiti chake. Wakaja wanawake wageni kutoka mbali. Mke akaona aibu kuwaacha wamesimama, akawapa kiti. Mume aliporudi alikuta utawala umekwisha kuhama. Wageni wale ndio chimbuko la nasaba iliyotawala Ufipa baadaye, nayo ikagawanyika katika himaya mbili, Nkansi na Lyangalile. Mwenyewe wa Milansi hakufukuzwa. Alibaki na heshima ya mambo ya ibada na ya ardhi. Roy Willis, msomi Mwingereza aliyeishi kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliitafakari sana hadithi hii katika vitabu vyake.

Nilipokuwa mdogo nilidhani hadithi hiyo inatuonya tusiwakaribishe watu. Sasa naona inasema mambo mawili kwa pamoja, na yote ni ya kweli. Mosi, kumpa mgeni kiti kuna gharama, na anayesema hakuna gharama hajawahi kupokea mgeni. Pili, watu walioitwa wenyeji kwa vizazi vingi, hata watawala wao, walianza kwa kusimama mlangoni.

Wengine walikuja kwa mkuki. Wangoni wa Zwangendaba walivuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini, na Zwangendaba akafia hapa Ufipa katika miaka ya 1840. Baada ya kifo chake watu wake walitawanyika kama yale matone mawili: wengine wakarudi kusini hadi nchi ziitwazo leo Malawi na Zambia, wengine wakaelekea kaskazini, wengine wakashika njia iliyowafikisha Songea. Mngoni wa Songea na Mngoni wa Chipata, kila mmoja ana kaburi la mzee wake katika ardhi ya Ufipa. Kisha wakaja wafanyabiashara wa misafara. Livingstone alipita kando ya ziwa mwaka 1872, Joseph Thomson akapita mwaka 1880. Mwaka 1885 mapadri wa White Fathers wakaingia Karema.

Halafu, tarehe 1 Julai 1890, Wajerumani na Waingereza walitia saini mkataba huko Ulaya. Mpaka ukachorwa kutoka Ziwa Nyasa hadi Tanganyika, na mwisho wake ukafuata mto Kalambo. Walungu, waliokaa pande zote mbili za mto, wakalala usiku ule wakiwa watu wamoja na kuamka wakiwa wa Wajerumani na wa Waingereza. Babu yangu alikuwa mtoto mchanga upande wa pili. Alipokuwa kijana alivuka mto kutafuta mke, akakaa, akapewa shamba. Kwake yeye haikuwa safari ya kutoka nchi moja kwenda nyingine. Alivuka maji tu.

Baada ya uhuru tulijifunza kwamba umbali nao unaweza kupunguzwa au kuongezwa na binadamu. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974. Katika miaka hiyo serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, na mkulima wa hapa, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawa na aliye karibu na mji. Rukwa ikawa miongoni mwa mikoa minne iliyosifiwa kwa chakula, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Utaratibu ule ulikuwa mzigo kwa hazina, na ulipoachwa katika miaka ya 1980 kilometa zetu zilirudi zote kwa siku moja, tena kwenye bei ya gunia. Barabara ya kwenda Tunduma ilipowekwa lami katika miaka ya 2010, baadhi ya kilometa hizo zikaondoka tena. Milima haikusogea hata kidogo.

Bonde la Rukwa nalo limepokea wafugaji, hasa Wasukuma, waliohama na ng'ombe wao kutafuta malisho. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,004,539 katika mkoa wetu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,540,519. Ongezeko hilo lote si la wageni, wengi ni watoto waliozaliwa hapa. Lakini ardhi haikuongezeka, na ng'ombe akiingia shamba la mtu, methali za ukarimu hazirudishi mahindi. Hilo lazima lisemwe bila kuogopa.

Sasa, ndugu msomaji, ngoja niungame jambo moja. Mwaka mmoja kabla ya siku ile ya ofisini tulikuwa na kikao cha mtaa, hapahapa Chanji. Mtu mmoja alisimama akasema wageni wametujaa, warudi walikotoka. Alikuwa anamtazama jirani yangu, Msukuma, aliyehamia hapa mwaka 1986 na kulima pamoja nami kwa zaidi ya miaka thelathini. Watu wakapiga makofi. Mimi, mjukuu wa mtu aliyevuka Kalambo, sikupiga makofi, lakini pia sikusimama. Niliangalia viatu vyangu. Jirani naye hakusema kitu. Tulirudi pamoja nyumbani tukizungumza habari za mbolea.

Wapo wanaosema jina la mji wetu maana yake ni "tupa uchawi". Nikilifikiri, naona ni neno linaloweza kuambiwa mtu anayeingia tu. Aliyekwisha kuwa ndani haambiwi kitu mlangoni. Anayeingia haulizwi babu yake alizaliwa wapi. Anaambiwa aache nje kilicho kibaya, kisha aingie. Siku ya tatu atapewa jembe.

Tulirudi kwenye ile ofisi juma lililofuata, mimi na mjukuu wangu, na barua ya mtendaji mkononi. Shahidi wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Wa pili alikuwa jirani yangu Msukuma. Sikumwomba, alisikia habari zetu, akavaa koti lake la kanisani akaja. Kijana wa mezani alimuuliza ananifahamu kwa muda gani. Akasema tangu alipofika, na kwamba alinikuta hapa mimi ni mwenyeji.

Kijana akaandika. Kwenye mstari wa mahali alipozaliwa babu, nilimwomba aandike Ulungu, naye akaandika Ulungu.