Siku 42 za Isanga

Nikisoma hukumu za mauaji za Mahakama Kuu Bukoba, macho hutafuta neno moja: Isanga. Ndiko Dodoma, chini ya Hospitali ya Mirembe iliyoanzishwa na Waingereza miaka ya 1920, anakopelekwa mshtakiwa wa Bukoba au Muleba akili yake ikitiliwa shaka. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inampa daktari siku 42 awe ameiandikia mahakama. Swali lenyewe, jamani, si anaendeleaje, bali alikuwaje siku ya tukio, pengine miaka kadhaa nyuma. Miaka hiyo yote ya mahabusu, anayemsikia kwanza akiongea peke yake usiku ni mwenzake anayelala ubavuni pake. Huyo hana fomu ya kujaza.